Kitandani pa Mama Mkwe

Mimi sikai. Mke wangu alizoea kusema kiti changu cha sebuleni kitaozeshwa na vumbi kabla hakijaozeshwa na makalio, na alisema kweli. Wenzangu Wasukuma walinicheka: mtu wa Mara huyo, damu yake inachemka bila kuni. Lakini miaka ile ya tisini nani alikuwa ametulia? Mji mzima wa Mwanza ulikuwa unahama mahali pake. Maduka ya ushirika yalifungwa, yakafunguliwa tena yamejaa redio za Dubai na mitumba. Viwanda vya minofu viliota kando ya ziwa, sangara wetu wakaanza kupanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa. Na madaktari nao wakaanza kupungua wodini, katika hospitali yetu kubwa ya kilimani, mmoja mmoja. Asubuhi unamsalimia mwenzako kwenye ngazi, mchana unasikia kafungua zahanati yake mjini na kibao kimeshapakwa rangi.

Mimi pia niliitwa. Kule Igogo nilikokuwa nikiishi, mtu mmoja alikuwa amejenga hospitali binafsi na kununua mashine ya altrasaundi, ile ya kuangalia tumbo kwenye kioo. Kila nikipita ananidaka barabarani. "Daktari, unang'ang'ania nini kule kilimani? Njoo ukae kwenye kiti kinachozunguka." Jioni nasema kesho naandika barua ya kuacha kazi. Asubuhi napanda kilima kwenda wodini nikijilaani njia nzima. Sikuwa na raha nikibaki, wala sikuwa na raha nikifikiria kuondoka.

Kilichonishika ni wanafunzi. Nilikuwa nawafundisha matabibu, na usidhani ni vijana waliotoka shule juzi. Ni watu wazima waliokwisha kukaa zahanati za mbali miaka mingi, wenye ndoa na ng'ombe, waliorudi darasani wasome wawe madaktari wasaidizi. Kazi yangu kwao ilikuwa moja tu: kumpima mgonjwa kitandani. Kumtazama, kumshika, kumgonga, kumsikiliza. Huko walikokuwa wanakwenda hakukuwa na kioo cha kuangalia tumbo. Kulikuwa na kitanda, mgonjwa na mikono yao.

Sheria yangu ya kwanza ilikuwa mikono nyuma. Unasimama miguuni pa kitanda unamtazama mgonjwa mpaka niseme inatosha. Anapumuaje? Analalia upande gani? Uji wake umenywewa au umeganda? Aliyemshika mgonjwa kabla sijasema, nilimfokea mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wanageuka. Sheria ya pili, pasha mikono moto, kwa kuwa mkono wa baridi unalikaza tumbo. Na kugonga niliwafundishia nyuma ya jiko la hospitali, palipokuwa na mapipa ya maji, maana mabomba yalitoa maji siku yalipotaka yenyewe. Weka kidole juu ya pipa, kigonge kwa kidole cha pili, uniambie maji yameishia wapi bila kufunua. Wapishi walikufa kwa kicheko. "Jamani njooni muone, madaktari wanabisha hodi kwenye pipa!"

Katika wote niliowafundisha, mwenye mkono alikuwa mmoja. Msukuma mrefu, mpole, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Alipanga chumba Buhongwa na mke wake, na kila asubuhi alikuja kwa baiskeli, suruali kaifunga kwa kamba ya katani isiliwe na mnyororo. Mwingine ningemwambia jambo mara nne. Yeye alikuwa anaweka kiganja tumboni pa mgonjwa, anafumba macho kidogo, kisha anasema kilichopo, na mara nyingi ndicho kilichopo. Nilikuwa namwonea wivu, kusema ukweli, maana mimi mkono huo niliutafuta kwa miaka.

Sasa, mtu huyu alikuwa ameshafeli mtihani wa vitendo mara moja. Mwaka uliotangulia alikuja mtihanini na malaria kichwani, akitetemeka mpaka meno yanagongana, akachanganya kulia na kushoto, wakamwangusha. Alibakiwa na nafasi moja tu. Na wakati ule serikali ilikuwa inapunguza watu kazini. Aliyefeli mara ya pili alirudi kwenye zahanati yake akakuta hana kazi hata ile ya zamani, basi, akafuge. Kwa hiyo alikuwa anapigania mkate wake, na mimi nilikuwa na la kwangu. Mkuu wa chuo alikuwa amekubali kwamba akipita atabaki kufundisha wodini. Nilisema moyoni: huyu akipita namwachia mapipa yangu, nami nakwenda zangu Igogo nikazunguke kwenye kiti.

Siku ya kuamkia mtihani nilipita wodi ya wanawake na sista msimamizi kuchagua wagonjwa. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na mama wa makamo aliyevushwa kwa kivuko kutoka Sengerema, tumbo la kulia limevimba, mabega yamebaki mfupa. Nilimpima. Ini lilikuwa kubwa, gumu, lina mabonde na vilima kama hii milima yetu ya mawe. Nilijua papo hapo ni ugonjwa gani na kwamba sina dawa yake. Sikumwambia. Desturi yetu ilikuwa kumwita ndugu pembeni kwanza, na ndugu aliyemleta alikuwa ameshavuka kurudi kumfuata mwana wa kiume wa huyu mama. Nikamwomba tu ruhusa apimwe na mwanafunzi mbele ya wakubwa. "Nimekuja kupimwa, daktali," akanijibu, na sauti yake ilikuwa na ucheshi bado.

Nilimuuliza kuhusu maumivu, chakula, choo, mkojo, kupungua kwake. Sikumuuliza binti zake wameolewa na nani. Hapa Usukumani hata salamu ya njiani inafika mpaka kwa shemeji wa shangazi yako, lakini daktari ana haraka, daktari anauliza choo. Na binti yake mmoja, aliyeolewa Buhongwa, hakujua kabisa kwamba mama yake amevuka ziwa. Habari siku hizo zilisubiri mtu wa kuzibeba.

Asubuhi ya mtihani tulikuwa watahini wawili: mimi, na profesa kutoka Dar es Salaam, mzaliwa wa mjini, suti ya kijivu, mtu wa haki lakini mkavu. Sheria ilinikataza kumsaidia mwanafunzi hata kwa jicho, basi nikasimama ukutani nikihamisha uzito toka mguu huu kwenda ule. Mwanafunzi wangu akaingia, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linameremeta. Akafika miguuni pa kitanda, akaweka mikono nyuma, akainua macho.

Palepale akageuka akatazama mlango. Yule mama naye akavuta kanga akajifunika uso mzima.

Nilidhani malaria imerudi. Mungu wangu, nikasema, safari hii tena! Mwanafunzi akabaki akitazama mlango. Profesa akatazama saa. Kisha mwanafunzi akaanza kumhoji mgonjwa, lakini jinsi alivyomhoji! Alimgeukia sista, akamuuliza kwa Kisukuma, "Muulize maumivu yalianza lini." Sista akamuuliza mama kwa Kisukuma kilekile. Mama akajibu kwa Kisukuma chini ya kanga, sista akayarudia kwa Kisukuma kwa mwanafunzi aliyesimama hatua chache tu kutoka kwenye mto. Wodi nzima ikatugeukia. Wagonjwa wenyeji walikuwa wameshaelewa. Tusioelewa tulikuwa sisi wasomi wawili.

"Mwalimu," profesa akaniambia kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya mtihani, "mwanafunzi wako si Msukuma? Anahitaji mkalimani wa Kisukuma kwenda Kisukuma?" Kisha akamwambia mwenyewe, "Sasa pima tumbo."

Mwanafunzi hakusogea. Mikono yake ilikuwa nyuma bado, na kwa kuwa nilisimama nyuma yake niliiona ikibanana mpaka kucha zimepoteza damu. Sista akanijia taratibu akaninong'oneza, "Daktari, huyu ni mkwewe. Ni mama wa mke wake."

Ebo! Asiyejua mila hii atasema, kwa hiyo nini? Basi ajue. Kwa Wasukuma wa rika lao, na hata kwetu Mara, mama mkwe huingiliani naye. Humpi mkono, huli naye sahani moja, huingii chumba anacholala. Ukimwona mbele njiani unakata kushoto hata kama ni kwenye mihogo ya watu. Mimi na usomi wangu wote nilikuwa namsalimia mama mkwe wangu yeye akiwa ndani, mimi nikiwa nje, tunazungumza na ukuta, na tunapendana sana. Kumwona mama mkwe tumbo wazi ni kumvunjia heshima yeye, mke wako na watoto wako. Na kijana wangu alikuwa anaambiwa afanye hivyo mbele ya wodi nzima, au afeli.

Nikavunja sheria. Nikamwambia profesa, "Huyu mgonjwa ni mama mkwe wake. Tumpe mgonjwa mwingine."

"Sheria haina mgonjwa mwingine. Anayekataa mgonjwa amefeli, unajua."

"Najua! Lakini mimi ndiye niliyechagua vibaya. Niangushe mimi."

"Sikia, bwana." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Daktari hana mkwe. Kesho huyu anapelekwa wilayani, daktari ni yeye peke yake. Usiku analetewa mama mkwe, utumbo umejisokota. Atampasua kwa mkalimani?"

Nilitaka kumkamata tai. Nilitaka kumkamata tai kwa sababu alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuwafokea wanafunzi wasiotaka kumpima sheikh au mchungaji wao. Lakini haki ya profesa na haki ya yule mama zilikuwa zimekutana kwenye kitanda kimoja, na aliyekuwa analipishwa ni mtu wa katikati. Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni likiingia kwenye kola.

"Unakataa mgonjwa?" profesa akamuuliza.

"Sikatai," akajibu kwa Kiswahili, macho yakiwa mlangoni. "Lakini si mimi wa kuomba. Nikimwomba nimeshamkosea."

Hapo palikuwa pamefungwa pande zote. Profesa alifungua kalamu yake. Nilikuwa nikiiangalia ile kalamu nikiona baiskeli inarudi Buhongwa, nikiona mke anaambiwa, nikiona mtu mwenye mkono kuliko sisi wote anachunga ng'ombe wa kaka yake. Nikasema moyoni, leo ndiyo naacha kazi, si kesho.

Ndipo mama akasema chini ya kanga. Alisema maneno mengi kidogo, kwa Kisukuma, bila haraka. Sista alimsikiliza, akatugeukia.

"Anasema huyu daktari yeye hamjui. Hajapata kumwona. Anasema, kama kweli ni daktari, mbona hapimi?"

Kwenye kitanda cha jirani mtu alicheka, kisha akajizuia. Mabega ya mwanafunzi wangu yalitikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani yote. Akaenda kwenye karai akanawa, akasugua viganja mpaka nikausikia ule msuguo kule ukutani nilikokuwa. Sista akafunua tumbo tu, akafunika kila kisichohitajika. Mama alibaki na kanga usoni. Mwanafunzi akapiga goti kando ya kitanda, akageuza uso kwenye ukuta, akaweka mkono.

Alianzia chini kulia, mbali na maumivu, kama nilivyomfundisha. Mkono ulipanda pole kwa pole, ukingoja pumzi, ukipanda, ukingoja. Sijaona mkono mzuri namna ile, kabla wala baadaye. Profesa mwenyewe alisogea mbele. Mkono ukafika kwenye ukingo wa ini, ukasimama. Ni kitambo kidogo tu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta ngazi zimeisha. Kisha ukaendelea, mwepesi kuliko mwanzo, ukazunguka kila kilima, ukatoka.

Akatoa maelezo yake kwa Kiingereza, amesimama wima. Ukubwa wa ini, ugumu wake, maji yaliyoanza kujaa tumboni ambayo mimi jana sikuyapata. Akautaja ugonjwa. Akaulizwa matibabu, akasema hakuna ila kumpunguzia maumivu. Akaulizwa mgonjwa atafika wapi, akasema miezi, si mingi. Sauti haikutetemeka. Alikuwa anamtaja bibi wa watoto wake, na yule bibi alikuwa amelala pale anasikia lugha asiyoijua ikipita juu ya kichwa chake.

"Na utamwambia nini?" profesa akauliza, safari hii kwa Kiswahili cha chini.

"Mimi siwezi kumwambia. Nitamwomba mwalimu."

Alipita. Alipita kwa alama za kutia aibu wengine. Profesa alinishika bega kwenye ngazi akasema, "Ana mkono huyo," akaenda kupanda gari lake. Wanafunzi wenzake walimbeba juujuu uwanjani, naye akawaambia wamshushe, wakadhani anaringa.

Mke wake aliletwa kutoka Buhongwa siku ileile, na kaka mtu akafika na kivuko kabla wiki haijaisha. Mwanafunzi wangu, sasa daktari, hakuingia tena kwenye ile wodi. Kila siku alikuja, akakaa kwenye ukuta mfupi wa barazani, akampa mkewe chupa ya uji aingize, akasubiri chupa itoke, akaitikisa kusikia umenywewa kiasi gani. Mtoto wa kiume alipofika nilimuita pembeni kama desturi inavyotaka, lakini kabla sijamaliza kumsalimia sista akanifuata. Mama ananiita mimi kwanza, peke yangu.

Safari hii uso wake ulikuwa wazi. Alikuwa mzuri, sikuwa nimemtazama vizuri.

"Kijana alipita?"

"Alipita, mama. Vizuri sana."

"Vema. Basi abaki mahali pake. Nimeambiwa yuko barazani, hapo panatosha." Akapumzika kidogo. "Na wewe usihangaike kumtia mwanangu hofu kwa kumpeleka pembeni. Mimi najua."

Nikamuuliza anajua nini. Ndivyo tunavyouliza sisi, tukitaka kununua muda.

"Mkono wake ulisimama," akasema. "Ulikuwa unakuja vizuri, una joto, halafu ukasimama. Ulipoendelea ukawa na huruma. Wewe juzi ulinipima, mkono wako haukusema kitu, nikadhani nitapona. Wa mkwe wangu ulisema." Akanikazia macho. "Usimwambie. Akijua, atasema alikosa adabu kunigusa, na ni mimi niliyemruhusu. Umenisikia, daktali?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesimama na mikono nyuma na sikujua niipeleke wapi. Nilitoka. Nilitaka kupita moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, mpaka chini, mpaka ziwani ikibidi, lakini mwanafunzi wangu aliniona, akainuka kutoka kwenye ukuta wa baraza, chupa ya uji mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Mama ameshaambiwa?"

"Marahaba. Bado," nikasema. "Hajui kitu."

Akashusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Namshukuru Mungu. Nilipolikuta lile ini, mwalimu, nilijitahidi kwa nguvu zangu zote mkono wangu usiseme chochote."

Nikamwambia haukusema.